Mke wa Mtu Katika Kitabu cha Ndege

12 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, umeketi mezani kwako na gundi kwenye vidole, na ile simu uliyonunuliwa bado imelala kwenye droo. Mimi ni mzima. Kikohozi kinanisumbua kidogo asubuhi, basi. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mwenye nyumba hunigongea kila Jumapili kuuliza kama nina tatizo, maana hasikii sauti yoyote. Nilimwambia nasoma. Alinitazama kwa huruma, kama niliyemtajia ugonjwa. Nisalimie fundi cherehani wa mlango wa pili, na mwambie sketi aliyonishonea bado ndiyo nzuri kuliko zangu zote.

Vitabu ulivyotujalidia vimefika salama. Mkutubi mkuu alifungua kifurushi mwenyewe, akapapasa migongo ya vitabu kimoja kimoja, akasema kazi ya namna hii haipatikani tena. Sikumkumbusha kwamba mkono uliovishona ndio ulionilea. Anajua, na nikirudia ataona naomba sifa.

Sasa kazi yangu. Amenikabidhi rafu ya vitabu vya ndege, ile isiyoguswa na mtu, ambayo nusu yake imepita kwako. Nikiandikie kila kitabu kadi ndogo ya maoni yangu mwenyewe na kuibandika chini yake. Alisisitiza yawe maoni yangu, asije akakuta muhtasari wa jalada la nyuma. Nimeanza. Nakunukulia chache unicheke.

Kile cha watoto, cha kuku anayekataa kuingia bandani: “Mwandishi anadhani kuku ana kiburi. Nilikuwa upande wa kuku tangu ukurasa wa kwanza.”

Kasuku wa kinyozi, anayerudia siri za wateja: “Nilicheka sana, kisha nikajiuliza kasuku naye anamweleza nani ya kwake.”

Kitabu cha picha za bundi: “Wote wananitazama kama walimu wa hesabu.”

Lakini kilichonikosesha usingizi ni riwaya ya mchora mabango. Anaokota korongo aliyevunjika bawa kando ya ziwa, anamleta nyumbani. Mke havumilii, ndege anachafua kila kitu, hata kiti chake mke. Asubuhi moja anachukua mfuko wake, anafunga geti. Unafungua ukurasa ukitegemea kilio, na mwandishi anaanza kukueleza korongo: urefu wa mdomo, rangi ya miguu, namna anavyosimama majini na jinsi asivyoruka haraka akisumbuliwa. Kurasa nzima nzima, mke hatajwi hata mara moja. Kisha inakuja sura ya mwisho, mume anaosha vikombe viwili. Viwili, Shangazi, na nyumbani hamna mtu. Kadi yake nimeandika: “Hiki ndicho kitabu cha kweli kuliko vyote hapa. Aliyeondoka hatajwi tena. Ndivyo ilivyo.”

Je, wewe ulikisoma ulipokuwa unakishona? Nijibu.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimeipokea barua yako na nimefurahi. Hapa sote tuko salama. Fundi cherehani anasema ahsante, ila sketi ile aliishona miaka mingi iliyopita, nunua kitambaa umpe kazi. Mvua imeingia kwenye kona ya karakana, nikasogeza karatasi, hakuna kilicholowa.

Tangu lini wewe ukawa mwongeaji? Nilikuita Chiriku ulipokuwa mdogo ili uone haya ufungue mdomo. Hukufungua, jina likabaki. Sasa unaongea kwa kadi.

Vitabu vya watu mimi sisomi. Nikianza kusoma, kazi inalala. Nashona, napiga gundi mgongoni, nabana, narudisha. Daktari wa meno hamuulizi mgonjwa jana alisema nini kwa mdomo huo. Huyo mchora mabango nilikuwa naye kwenye mbano usiku mzima na sijui ana mke.

Baba yako alikuja tena. Aliketi kwenye kiti chako, akaangalia meza yangu, akasema, “Dada, funga hapa. Njoo ukae kwangu upumzike.” Nikamwambia siku nikichoka nitamtumia habari, asinisaidie kuchoka. Akanywa chai, akaondoka. Atarudi. Ameshika jambo hili kama alivyoshika duka lake la misumari na saruji. Lakini mimi ndiye mkubwa kwake, na meza hii siiachi.

Usishangae maandishi kuwa makubwa. Kalamu za siku hizi hazina adabu.

Unakuja lini? Kikombe chako cha bluu kiko kwenye msumari wake. Nakifuta vumbi.

Shangazi yako


29 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mvua haikuharibu karatasi. Huku jua kali, na feni ya chumba cha kusomea ina mlio ambao wasomaji wamekwisha kuuzoea. Ikizimwa wanainua vichwa. Mwenye nyumba sasa anagonga Jumatano pia.

Kadi zinafanya kazi. Rafu imeanza kuwa na mapengo. Mama mmoja mwenye duka la dawa aliazima kasuku wa kinyozi, akakirudisha, akaniambia kwa ukali kwamba nimekosea, kasuku ana wa kumweleza: anamweleza msomaji. Nikabadilisha kadi na kuandika maneno yake chini ya yangu. Tangu hapo watu wanakuja kubishana nami, na mimi, utashangaa, nawajibu.

Cha korongo ndicho kinachopendwa. Kinazunguka bila kukaa. Msichana mmoja wa chuo alikirudisha akiwa na macho mekundu, akauliza kama nadhani mke yu hai. Nikamwambia swali hilo mwandishi amekataa kulijibu, na huo ndio ujasiri wake. Nilijisikia mwenye hekima jioni nzima.

Nimeongeza na hii, ya mashairi ya mbayuwayu: “Lile fupi ni zuri. Mengine yanaruka tu, hayatui.”

Shangazi, mistari yako ilikuwa inashuka upande wa kulia, na mwishoni maneno mawili yamepanda juu ya mengine. Wewe ndiye uliyenifundisha kuweka mstari mzito chini ya karatasi ili mkono usipotee. Kalamu haiwezi kufanya hivyo. Kuna nini?

Kuhusu Baba sina la kuandika. Aliyoyasema mlangoni siku ninaondoka aliyasema kwa sauti ya kutosha.

Mwanao


2 Mei

Chiriku,

Marahaba. Sote wazima. Paka wa fundi cherehani amezalia kwenye kapu la vitambaa, na mwenye kapu amehama yeye.

Umeandika barua ndefu ili usijibu swali moja. Mimi naandika fupi kwa sababu hiyo hiyo.

Mwambie mkutubi mkuu kifurushi cha pili kitachelewa. Uzi niliokuwa nao umekwisha, nasubiri mwingine.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na uzi umefika. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha kabisa. Nasema haya kwanza kwa sababu ni ya kweli na kwa sababu yanayofuata ni magumu.

Tuna msomaji mmoja mzee, mpima ardhi mstaafu, anayetembea na darubini shingoni hata akija kurudisha kitabu. Aliazima ule mwongozo mnene wa ndege wa majini, nao umetoka kwako pamoja na riwaya ya mchora mabango. Jana alirudi, akauweka mbele yangu, akavua kofia.

“Binti,” akasema, “nimekwenda hadi bwawani nimtambue ndege. Nimefungua penye korongo, nimekuta mke wa mtu anadai kiti chake.”

Nikadhani ananitania. Kisha nikasoma mwenyewe, nimesimama, na wasomaji wanasubiri.

Ndiyo. Mkunjo mzima. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba kitabu hakishonwi ukurasa kwa ukurasa, karatasi kubwa hukunjwa, na mikunjo ndiyo inayopangwa na kushonwa pamoja. Vitabu hivi viwili vina kimo kimoja na karatasi ya rangi moja. Mkunjo wa korongo umeingia kwenye riwaya, na mkunjo wa riwaya umeingia kwenye mwongozo. Zile kurasa nilizozisifu hazikuandikwa na mwandishi wa riwaya. Ni maelezo ya kawaida ya korongo, kwa ajili ya watu wenye darubini.

Na mke anarudi, Shangazi. Siku chache tu baadaye. Anasema amefuata kiti chake. Anamkuta korongo amesimama juu yake kwa mguu mmoja, na mume anaogopa kumshusha. Wanagombana nani amshike. Mke anaangua kicheko, anashindwa kusimama, anakaa chini sakafuni. Habari ndiyo hiyo. Vile vikombe viwili nilivyovililia ni vya chai. Kimoja amekunywa yeye, kingine amekunywa mke wake, ambaye wakati huo yuko chumbani anatafuta viatu.

Nilijicheka. Halafu sikucheka tena, kwa sababu nikakumbuka meza yako. Kitabu kimoja mezani, kingine hakifunguliwi hadi cha kwanza kimeingia kwenye mbano. Uliniondoa mkono kwa rula nilipokuwa na miaka saba kwa kosa hilo. Na namba za kurasa ziko pale chini. Anayeziona hawezi kupotea.

Imenibidi nimwambie mkutubi mkuu. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Amesema kifurushi cha tatu atakipeleka kwa mjalidi mwingine, na hicho cha pili urudishe kama kilivyo. Nikamwambia anipe muda nikuulize kwanza. Amekubali hadi mwisho wa Julai.

Kwa hiyo nakuuliza, na usiniambie habari za kalamu wala uzi. Unaona?

Mwanao


25 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Zaidi ya mwezi sijapata neno. Nimeweka vitabu vyote viwili kwenye droo yangu, hakuna atakayevigusa. Kadi ya korongo nimeibandua, na mahali pake pana alama ya gundi ambayo kila mtu anauliza ilikuwa ya nini.

Nijibu hata kwa mstari unaoshuka.

Mwanao


9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Afya njema, ukiacha hilo unaloliuliza.

Ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili, la kushoto ndilo lililozidi. Naona dirisha, naona mtu amesimama, uso wake sioni hadi aongee. Barua hii nimeiandika kwa siku kadhaa, rula chini ya kila mstari, na fundi cherehani amesimama nyuma yangu ananiambia nilipofika. Barua zako zote ananisomea yeye. Kwa hiyo anajua mambo yako yote, nisamehe. Anasema mwenye nyumba huyo ana lake jambo.

Nilikuwa najipangia kwa vidole. Kila karatasi ina ukingo wake, nikipapasa najua. Vitabu vingi nimejalidi hivyo na havijarudi. Siku ya vitabu hivyo viwili baba yako alikuja asubuhi, akasimama mlangoni, ananitazama tu. Nikataka aone kwamba mkono bado una kasi. Nikafungua viwili kwa pamoja. Hata wakati nafungua nilijua nafanya nini. Yeye alikuwa anatazama vidole vyangu, na mimi nikavipa vidole kazi ya macho.

Sikukujibu kwa sababu ukijua wewe, ingekuwa imekwisha. Kaka yangu akijua anasema funga. Wewe ukijua unakaa kimya, na ukimya wako mimi siuwezi.

Sasa sikiliza nilivyoamua. Nilikwenda hospitali na fundi cherehani. Daktari ni kijana, anaongea na mimi kwa sauti ya juu kana kwamba tatizo ni masikio. Amesema linatolewa, na nitaona. Jicho la kushoto ni tarehe nne Agosti, la kulia baadaye. Nitarudi mezani. Mkutubi wako apeleke vitabu vyake anakotaka, sitamshikia kinyongo. Ila hivyo viwili asimpe mtu. Nilivikosea mimi, nitavifumua mimi, nitavishona mimi. Nitunzie.

Kadi yako ya korongo nilisomewa mara mbili. Ile ya kwamba aliyeondoka hatajwi tena. Fundi cherehani akasema maneno mazuri. Mimi nikasema huyu mtoto hasemi habari za kitabu.

Nilikuwepo siku ile mlangoni. Nilimsikia baba yako akikwambia ukienda kulinda vitabu vya watu usirudi kumlilia njaa. Siyatetei maneno yale wala sikuombi uyasahau.

Hospitali wanataka ndugu wa kwenda nami, na wa kukaa nami wakati jicho limefungwa. Baba yako sasa anajua, nilimwambia mwenyewe. Ameshasema atakuja yeye. Nimemwambia asubiri, kuna mtu mwingine sijamuuliza. Hakukasirika. Aliuliza kama bado unakohoa.

Shangazi yako


18 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za maktaba kabla hatujafungua, na mkutubi mkuu akanikuta hapo. Alikaa ngazi moja chini yangu, sketi yake nzuri vumbini, akasubiri.

Nimemwambia yote. Nimemwambia mtu huyu anajalidi vizuri kwa vidole kuliko wengi wanavyojalidi kwa macho, amekosa mara moja, na macho yanatibika. Nimesema sitafuti huruma, nataka kifurushi cha pili kibaki kwako hadi utakapoona. Nilizungumza muda mrefu. Nilipomaliza akasema hajawahi kunisikia nikitoa sentensi tatu mfululizo tangu niajiriwe, na sasa nimetoa hotuba. Kifurushi kinabaki. Likizo amenipa.

Nafika tarehe mbili, jioni. Nitakwenda nawe hospitali, na nitakaa hadi kitambaa kitoke. Nakuja na vile vitabu viwili kwenye mfuko wa mkononi; siviweki kwenye buti la basi. Ukianza kuvifumua, mimi nitasoma namba kwa sauti na wewe utashona. Kitabu kimoja mezani.

Nilikuwa nimeapa kutorudi. Sikuwahi kukuandikia hivyo, nilikuwa naruka tu swali lako kila mara, na wewe ulikuwa unaona, hata ulipokuwa huoni. Sijui nitamwambia nini Baba. Sijasahau. Lakini nimekisoma kile kicheko cha sakafuni mara nyingi mno wiki hizi. Mke haombi radhi wala haombwi. Amefuata kiti chake, anakaa. Zamani ningesema mwandishi ameogopa. Sasa naona alikuwa anajua kitu.

Kadi mpya nimeibandika leo pale penye alama ya gundi, ingawa kitabu chenyewe nakuja nacho na rafu itabaki na pengo. Inasema: “Kitabu kiko kwa fundi. Nilikisifu vibaya. Nilidhani ni habari ya kuondoka, kumbe nilikisoma kikiwa pungufu. Mke anarudi. Korongo bado ananuka. Subirini.” Mpima ardhi ameandika chini yake kwa penseli kwamba yeye anasubiri mwongozo wake, riwaya si shida yake.

Mwambie Baba kikohozi kimeisha. Mwambie pia siku na saa ya basi langu, halafu usimwombe chochote.

Kikombe cha bluu kiteremshe msumarini. Osha vitatu.

Chiriku wako